Mkoromo wa Marehemu

Ifahamike, ikumbukwe, na ikibidi ichongwe kwenye jiwe: siku ile, kwa amri ya Mkurugenzi wa studio kubwa kuliko zote tulizonazo, vipaza sauti vyote vya uani vilitangaza kwamba Babu Mkubwa amekufa. Amekufa kabisa. Amekufa kwa mujibu wa mkataba, hatafufuka, na watazamaji waliojazana getini wanaombwa warudi majumbani kwao kwa amani.

"Shh," mama mmoja akakiambia kipaza sauti, kidole mdomoni. "Utamwamsha."

Sauti iliyotangaza, tuseme kweli bila upendeleo, ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa nzito, ya taratibu, sauti ya mtu aliyezika wengi na kuwasamehe wote. Lakini umati haukusogea. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na hakuna hata mmoja aliyezungumza kwa nguvu. Walionekana kama watu wanaotembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine na wanaogopa kuivunja. Wenye viatu vya visigino walivivua na kuvibeba. Mwenye baiskeli aliifumbata kengele yake kama anayemziba mtoto mdomo. Mtoto mmoja alikuja na mto, akauegemeza kwenye nguzo ya geti, akarudi kwa mama yake kwa ncha za vidole.

Katikati ya mnong'ono huo akapita mwanamke mfupi, mnene, mwenye raba nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyo ndiye mpelelezi. Watu wote walimwita Shangazi, ingawa kaka zake hawakujaliwa watoto. Walimwita hivyo kwa namna yake ya kuuliza: anakuuliza kwa upole, kama dada wa baba yako, na jibu analo tayari mfukoni.

Mlinzi alimkabidhi funguo za jengo zima. Zikalia. Ni sauti mbaya sana, sauti isiyo na sababu ya kuwepo duniani, na kwa bahati nzuri Shangazi alizifunga kwenye kitambaa kabla hajaingia.

Mkurugenzi alimpokea kwenye ngazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Maiti yuko wapi?"

"Anakunywa chai."

"Vizuri. Nieleze tangu mwanzo."

Mwanzo wenyewe ulikuwa hivi. Mchezo wa televisheni wa kila jioni wa studio ile si mchezo tu. Ndio uliowafundisha watu kulia. Zamani kila mtu alilia kwa mtindo wa kwao. Siku hizi katika kila msiba watu wanaegemea ukuta na kuteleza polepole hadi chini, kama mke mdogo wa mchezoni. Vinyozi wananyoa mkato wa Babu. Mabwana harusi wanakohoa kidogo kabla ya kusema ndiyo, kwa sababu Babu alikohoa. Na mtoto akinong'ona uongo, anaambiwa kwa maneno ya Babu Mkubwa, "Nyumba hii ina masikio."

Jana yake Babu alipangiwa kufa, tena hewani, moja kwa moja, kwa sababu Mkurugenzi anaamini kwamba kifo kikirekodiwa kinachacha. Alikata roho vizuri. Baada ya pumzi ya mwisho, Mkurugenzi aliagiza kimya kirefu, taa ya chumbani ififie taratibu, watu walie. Na ndani ya kimya hicho, mbele ya kila mwenye televisheni, marehemu akakoroma. Hakukoroma kwa aibu. Alikoroma kwa raha zake, kama mtu aliyekula akashiba. Kisha mkoromo ukakatika, na Msimulizi akasema maneno ya kufunga, "Na hivyo ndivyo taa ya nyumba ile ilivyozimika," bila kukwaruza, bila kutetereka, kazi safi ya kupigiwa mfano.

"Sasa watu wameamua hajafa, kalala," Mkurugenzi akasema. "Na leo jioni tuna mazishi yake hewani. Shangazi, nani atamlilia mtu anayekoroma?"

"Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka mtu wa kumfukuza. Ninaye tayari, ila nataka na uhakika wa kumwekea juu."

"Ni nani?"

"Fundi wa sauti. Maiki iliachwa wazi, na kuifunga ni kazi yake. Taa nyekundu ya kwenda hewani ikiwaka jioni, sitaki kumkuta humu ndani."

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alikuwa anawaza kwamba mtu anayetaka uhakika wa kuweka juu ya uamuzi ni kama anayetaka chumvi ya kuweka juu ya sahani tupu.

*

Fundi wa sauti alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyeanza kazi pale studio ilipokuwa chumba kimoja na feni iliyozimwa kila wakirekodi. Wafanyakazi walisema masikio yake yanasikia mtu akibadili mawazo. Alikuwa na mdogo wake mmoja wa kiume, ambaye hahusiki na habari hii.

Begi lake lilikuwa mlangoni, nusu limefungashwa.

"Karibu, Shangazi. Kaa. Betri ya saa yako inakaribia kufa."

Shangazi aliitazama saa ya mkononi. "Umejuaje?"

"Inavuta mguu."

"Haya, nisikilizishe huo mkoromo."

Fundi akabonyeza. Chumba kikajaa kimya cha jana. Ni kitu cha ajabu, kimya kilichorekodiwa: kina upana, kina ubaridi, unaweza kudhani umeingizwa kwenye chumba kikubwa chenye mapazia. Kwa mbali mlango ulikuwa unagonga kwa upepo, kwa ulegevu, kama mtu anayebisha bila kutaka kufunguliwa. Kisha mkoromo ukaanza. Ukapanda, ukashuka, ukapanda. Mlango ukanyamaza. Halafu zikasikika funguo zikija, che, che, che, na mkoromo ukakatwa kama kwa kisu. Sauti nzuri ya Msimulizi ikaingia.

"Rudia."

Fundi akarudia.

"Maiki ngapi zilikuwa wazi?"

"Mbili. Moja kifuani kwa Babu. Moja kibandani kwa Msimulizi."

"Kwa nini ya Msimulizi iwe wazi wakati haongei?"

"Nikiifungua ghafla inatoa mlio, kimya kinaharibika. Huwa naiacha."

"Na hizo funguo?"

"Zangu. Mlango wa koridoni ulikuwa unagonga. Nilitoka kuufunga, nikarudi."

"Koridoni unapita wapi?"

"Kushoto kibanda, kulia chumba cha Babu. Milango inatazamana."

"Ukiwa hapo katikati, mkoromo ulitoka kushoto au kulia?"

Fundi aliweka mikono mapajani. Alikuwa na vidole virefu, na vyote vilitulia.

"Sikusikia kitu, Shangazi."

"Hukusikia?"

"Andika kwamba kosa ni langu. Maiki ni yangu, kuondoka niliondoka. Tusichoshane."

Shangazi aliitazama saa yake inayovuta mguu, kisha akamtazama yule mwanamke aliyeisikia kutoka upande wa pili wa meza.

"Mwanangu, ukifukuzwa hapa utakwenda wapi?"

"Hakuna pengine. Wengine wote wanaiga kazi ya hapa, na vibaya." Akatabasamu kidogo. "Nitakaa nyumbani, nisikilize bomba likivuja."

Mpelelezi mwingine angeandika, angefunga, angekwenda zake. Shangazi aliondoka bila kuandika neno.

*

Nyumba ya Babu Mkubwa haina dari. Ukiinua macho unaona nyaya, ngazi, na mwezi wa mbao uliopakwa rangi ya maziwa, unaoning'inia kwa kamba na kuzunguka kidogo mtu akipiga chafya. Nje kulikuwa na jua kali, lakini mle ndani ilikuwa jioni, kama ilivyokuwa kila siku tangu mchezo uanze, na vumbi lilielea kwenye mwanga kana kwamba nalo lilikuwa kwenye mkataba. Shangazi alitembea polepole. Alipita jikoni pasipo na maji, akapita ngazi inayopanda hadi hewani ikaishia hapo, akamkuta Marehemu ameketi kwenye kitanda alichofia, katika pajama za mistari, na kikombe mkononi.

Jina lake la kawaida hakuna aliyelikumbuka. Tangu jana walimwita Marehemu, na yeye aliitika.

"Pole kwa msiba," Shangazi akasema.

"Ahsante. Alikuwa mtu mzuri. Kidogo alipenda kujisikia."

"Nasikia ulikataa kufa."

"Nilikataa kweli, tena mbele ya watu. Mara ya kwanza walinisukuma kisimani, watazamaji wakaja juu, wakanitoa. Mara ya pili wakanipoteza msituni, nikarudi na ndevu. Safari hii wakaniambia, Mzee, umechoka. Nikawaambia, aliyechoka ni anayeandika."

"Na sasa watu wamejaa getini, wanasema u hai. Nani anafaidika?"

"Mimi. Nani mwingine?" Akanywa funda la chai. "Ila sikukoroma, mwanangu. Ningekuwa nimekoroma mimi, ningejisifu. Ungenikuta natia saini mashati."

Msomaji mwenye akili ameshaona jambo lilivyo. Huyu hapa mzee mwenye sababu, mwenye maiki kifuani, mwenye kitanda chini yake. Maji yamefuata mkondo. Sura hii ingeweza kuishia hapa, na kwa kweli ingekuwa vizuri kwa kila mtu kama ingeishia hapa.

Lakini Shangazi akasema, "Lala."

"Nani, mimi?"

"Lala kama jana."

Mkurugenzi, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma ya ukuta wa mbao, alichungulia kupitia dirisha lisilo na kioo. Marehemu aliweka kikombe, akajinyoosha, akakunja mikono kifuani. Akafumba macho. Wakangoja. Mwezi ulizunguka kidogo. Wazee wa jukwaani wana kipaji hicho, wakiambiwa lala wanalala, na haikupita muda Marehemu alikuwa amekwenda, mdomo wazi.

Alikoroma. Lakini mkoromo wake ulikuwa wa filimbi, mwembamba, wa birika linalokaribia kuchemka. Haukupanda wala kushuka.

Shangazi akatoa kile kitambaa, akakifungua, akazitikisa funguo karibu na sikio la mzee. Che, che, che.

Marehemu aligeukia ukutani na kuendelea kuchemka.

"Hakuamka," Mkurugenzi akanong'ona. Nchi yote ilikuwa imeambukizwa kunong'ona.

"Hana sababu ya kuamka. Huyu hajawahi kuogopa funguo maishani mwake."

"Nani anaogopa funguo?"

"Hilo ndilo swali zuri la kwanza uliloliuliza leo," Shangazi akasema, akazifunga tena.

*

Kibanda cha Msimulizi ni chumba kidogo chenye kuta za sponji, taa moja ya mezani, kiti kimoja na kigoda. Ukifunga mlango, dunia inabaki nje kama viatu. Kuna joto la blanketi. Mtu yeyote, hata malaika, akikaa mle baada ya chakula cha mchana, atakuwa na kazi ya kupigana na kope zake, na hilo linapaswa kuzingatiwa na kila anayependa haki.

Msimulizi alikuwa amekaa anasoma. Wasiomjua wanadhani ni mzee wa mvi, kwa ile sauti. Kumbe ni kijana mwembamba, hata ndevu hazijaamua, aliyetoka shule ya bweni si zamani sana. Ni kijana mwenye adabu, mchapakazi, na sura yake, kwa maoni ya wenye macho, haichukizi. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye paji la uso, kiwiko mezani, macho yakiwa kivulini. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya karatasi, kidole kikionyesha mstari.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Unakaa vizuri. Nani alikufundisha kukaa hivyo?"

"Nasoma tu."

"Naona. Mtu akisimama mlangoni hawezi kujua kama macho yako yako wazi."

Msimulizi alicheka kicheko cha kistaarabu. Shangazi aliketi kwenye kigoda, akaweka kitambaa mapajani.

"Jana ulisema maneno yako vizuri sana. Mkoromo unaisha, wewe unaingia. Hukushangaa?"

"Kushangaa nini?"

"Maiti kukoroma. Mimi nilikuwa kwenye kochi langu, nikamwaga maji. Mkurugenzi kaanguka kwenye kiti. Wewe hukupoteza hata herufi."

"Ni mazoea ya kazi, Shangazi."

"Ndiyo, mazoea." Akapunguza taa ya mezani kidogo, kama anayehurumia macho yake mwenyewe. "Wewe unawasimulia watu kila siku. Wewe anakusimulia nani?"

"Hakuna."

"Si haki. Basi leo ngoja nikusimulie mimi. Usinijibu. Pumzisha sauti, una mazishi jioni."

Akaanza. Sauti ya Shangazi si nzuri kama ya watu wengine, lakini ni ya chini, na ina duara. Alisimulia habari ya nyumba ndefu iliyo juu ya kilima, yenye madirisha mengi na paa la bati. Mvua inanyesha. Ndani kuna meza zimepangwa, na kwenye kila meza kuna vijana wawili wawili, na kila mmoja ana kitabu, na taa zina nondo wanaozunguka. Mvua inanyesha. Hakuna anayezungumza. Kalamu moja inaanguka mbali sana, inaviringika, na hakuna anayeiokota. Blanketi ziko ng'ambo ya uwanja, zinangoja, zimekunjwa. Mvua inanyesha, akasema Shangazi, na sauti yake ikawa bati, na bati likawa maji, na maji yakapita chini ya mlango yakiwa na rangi ya maziwa, na mwezi wa mbao ukaja ukielea juu ya maji hayo, na juu ya mwezi alikaa Babu Mkubwa katika pajama zake akila ndizi, akasema nyumba hii ina masikio lakini leo yamekwenda kuoga, na mbuzi mweupe mwenye tai ya shule akaita majina, na kila aliyeitwa akaitika kwa jina la dada yake, na dada akapita na begi, akapita, akapita bila kugeuka, na

Che, che, che.

"Nasoma, mwalimu. Ukurasa wa arobaini, mmomonyoko wa udongo."

Sauti ilikuwa safi. Haikukwaruza.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Nyuma yake alikuwa Mkurugenzi, mdomo wazi, na nyuma ya Mkurugenzi alikuwa Fundi wa sauti, begi begani.

"Umesoma vizuri, mwanangu," Shangazi akasema. "Kwa mkoromo unaopanda na kushuka."

Kibandani palikuwa na joto la blanketi.

"Mwalimu wa zamu alikuwa anakuja na funguo," Shangazi akaendelea kwa upole. "Ukizisikia, unaamka na jibu mdomoni. Miaka ya bweni haitoki kwa mtu. Mkoromo wa jana haukuisha wenyewe, ulizikimbia funguo. Na huyu," akamwelekea Fundi, "mwenye masikio ya kusikia saa ikichoka, aliniambia hakusikia kitu. Mtu wa namna hiyo anakuwa kiziwi kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule aliyekua naye ukuta kwa ukuta tangu utotoni."

Basi. Nilisema mdogo wake hahusiki na habari hii. Nilisema uongo. Mdogo wake ni mimi.

Ni mimi niliyekuwa kibandani jana, ni mimi niliyekuwa kibandani leo, na sura yote hii umeisikia kutoka kwenye kiti kile, kwa sababu maiki zote za jengo zinaingia kwenye spika ya msimulizi, na mlango wangu una upenyo. Nyumba hii ina masikio, na masikio yenyewe ni yangu. Nilimsikia dada akisema kosa ni lake. Nilisikia zipu ya begi. Nikajiambia Marehemu ni mzee, hata akisingiziwa hawezi kuuawa mara ya pili. Yaliyohitaji macho niliyajazia baadaye kwa kuulizauliza, na mawazo ya Shangazi, yale ya chumvi na sahani, nimeyatunga. Yeye anachowaza hakuna ajuaye. Na ile habari ya sura yangu kutochukiza, nayo haina shahidi.

"Dada," nikasema.

"Nyamaza," dada akasema. "Ulikoroma hivyo hivyo ukiwa na surua."

"Kwa hiyo nimfukuze huyu?" Mkurugenzi akauliza, akitutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeagiza mbuzi akaletewa wawili. "Na mazishi atasoma nani?"

"Hilo lako," Shangazi akamwambia. "Lakini getini kuna watu wamevua viatu tangu asubuhi. Kwanza waambiwe."

Dada alinitazama. Kisha akalishusha begi, akaenda kwenye meza yake, ng'ambo ya kioo cha kibanda, akainua kidole. Ishara hiyo naijua: maiki iko wazi. Sikuwa na karatasi mbele yangu. Nilijaribu kuitafuta ile sauti nzito, ya mtu aliyezika wengi, sikuipata. Ilitoka nyingine, nyembamba, ambayo uani hawakuwahi kuisikia.

"Babu Mkubwa alikufa jana jioni," nikasema. "Aliyekoroma ni mimi. Nililala kazini, na nikamwacha dada yangu abebe. Mzee wa watu hakukoroma. Alikufa vizuri."

Spika za uani zikanyamaza. Kupitia upenyo wa mlango ilikuja kwanza kengele ya baiskeli, mara moja, kama imeachiliwa. Halafu mtu wa kwanza akaanza kulia kwa sauti kubwa huko getini, na dada, aliyekuwa amefumba macho anasikiliza, akasema kwamba huyo anayelia ameegemea ukuta, na kwamba anateleza polepole hadi chini.